Ujumbe Mmoja Wenye Sehemu Nyingi: Safari ya Takwimu kutoka Kibondo na Kasulu

Mfanyabiashara apelekaye mzigo kwa basi kutoka Kigoma mjini hadi Kibondo hufuata kanuni ambazo hakuna aliyemfundisha darasani. Kama mzigo wake una dagaa, maharage na karatasi ya hesabu, havichanganyi pamoja ovyo. Kila kitu hufungwa peke yake na kuandikwa jina, kisha vyote hutiwa katika gunia moja, na mdomo wa gunia hushonwa kwa kamba. Apokeaye akikuta mshono umefumuka, hahitaji kuambiwa kwamba huenda kuna kilichopungua. Hakubali mzigo kabla ya kuukagua.

Kompyuta na simu zinapopelekeana habari kwa njia ya intaneti, nazo hufuata kanuni za namna hiyo. Fomu yenye majina, vipimo na picha husafiri kama ujumbe mmoja wenye sehemu nyingi: kila sehemu ina jina lake, baina ya sehemu kuna alama ya mpaka, na mwisho wa yote pana alama ya kufunga, ambayo ndiyo mshono wa gunia. Makala hii yakusudia kumweleza msomaji jinsi kanuni hizo zilivyopatikana, jinsi zinavyofanya kazi, na kwa nini kuzipuuza kunaweza kumdhuru mtu ambaye hajapata kuigusa kompyuta maishani mwake.

KWA NINI KIBONDO NA KASULU

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, nchi ya Waha, jirani na Burundi. Kwa miongo mingi wenyeji wa huko wamewapokea watu waliokimbia vita katika nchi za jirani. Kambi ya Nyarugusu, iliyo Kasulu karibu na Makere, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yalipoleta wimbi jipya la wakimbizi, idadi ya watu wa Nyarugusu ilipita 100,000, na kambi ya Nduta, iliyoko Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka huohuo.

Mahali penye watu wengi hivyo, chakula na dawa haviwezi kugawanywa kwa kukisia. Hapana budi watu wahesabiwe na watoto wapimwe. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa karatasi, na karatasi zilisafirishwa kwa gari hadi mahali pa kuzijumlisha. Katika miaka ya 2010 tafiti za lishe zifanywazo na UNHCR katika kambi za wakimbizi duniani zilianza kutumia simu badala ya karatasi. Nchi yetu nayo ilifuata njia hiyo katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambapo makarani walitumia vishikwambi, na watu 61,741,120 wakahesabiwa.

Mabadiliko hayo yameharakisha kazi, lakini yameleta swali jipya. Karatasi ikichanika, jicho huona. Je, ujumbe wa simu ukichanika njiani, nani ataona? Katika nchi ya milima na mabonde, ambamo simu hupata mawimbi kilimani na kuyapoteza bondeni, swali hili si la vitabuni tu.

KICHWA NA KIWILIWILI

Kila ujumbe wa intaneti, uwe barua pepe au fomu, umegawanyika mara mbili. Kwanza ni kichwa, yaani mistari michache ya maandishi inayoeleza ujumbe unatoka wapi, unakwenda wapi na una kitu cha aina gani. Pili ni kiwiliwili, yaani habari yenyewe. Kinachovitenga ni mstari mtupu. Programu ipokeayo husoma kichwa mstari kwa mstari, na ikikutana na mstari usio na kitu hujua kwamba sasa kiwiliwili kinaanza.

Mpango huo ulipoandikwa rasmi kwa ajili ya barua pepe mwaka 1982, kiwiliwili kilikuwa maandishi matupu. Tena yalikuwa maandishi ya Kiingereza, kwa kuwa kila herufi ilipewa biti 7 tu, na biti 7 hutoa alama 128 na si zaidi. Kiswahili kilipita salama kwa sababu hakina alama juu ya herufi zake. Kifaransa, lugha ya shule ya wakimbizi wengi kutoka Kongo na Burundi, hakikupita salama. Picha na sauti hazikupita kabisa mpaka zigeuzwe herufi kwa njia za kienyeji ambazo mpelekaji na mpokeaji walilazimika kukubaliana kando.

Waliofanya kazi Afrika Mashariki katika miaka ya mwanzo ya 1990 waliyaona hayo. Mtandao wa HealthNet, ulioanzishwa na shirika la SatelLife la Marekani, uliwapelekea madaktari wa nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, barua na makala za tiba kwa kutumia setilaiti ndogo na laini za simu. Hazina yake ilikuwa maandishi. Daktari aliyetaka kumwonyesha mwenzake picha ya eksirei alikuwa na shida kubwa kuliko yule aliyetaka kumweleza kwa maneno.

Dawa ya shida hiyo ilitolewa Juni 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipochapisha kanuni zijulikanazo kwa kifupi kama MIME. Hawakuubomoa mpango wa zamani. Kompyuta zilizokuwa zikipeleka barua ziliendelea kupeleka barua vilevile, bila kujua kwamba ndani ya kiwiliwili sasa mna utaratibu mpya. Huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani mtandao uliokwisha kuenea duniani hauwezi kuzimwa siku moja ili utengenezwe upya.

ALAMA YA MPAKA

Fikra ya MIME inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mpelekaji huchagua mfululizo wa herufi na tarakimu, usiozidi 70, na kuutangaza katika kichwa kama alama ya mpaka. Kila sehemu ya ujumbe hutanguliwa na mstari wenye vistari viwili vikifuatwa na alama hiyo. Kila sehemu ina kichwa chake kidogo, mstari mtupu, na kiwiliwili chake. Baada ya sehemu ya mwisho huandikwa alama ileile, lakini safari hii vistari viwili huwekwa mbele na nyuma. Hiyo ndiyo alama ya kufunga.

Mchoro 1 unaonyesha mfano wa kubuni wa fomu yenye sehemu mbili: picha ya kadi ya kliniki ya mtoto, na kipimo cha mzingo wa mkono wake kwa sentimita.

Mchoro 1

Content-Type: multipart/form-data; boundary=Kb7xQ2mZ9tLw4RsE

--Kb7xQ2mZ9tLw4RsE
Content-Disposition: form-data; name="picha"; filename="kadi.jpg"
Content-Type: image/jpeg

[hapa zimo baiti za picha]
--Kb7xQ2mZ9tLw4RsE
Content-Disposition: form-data; name="mkono"

12.8
--Kb7xQ2mZ9tLw4RsE--

Msomaji makini atauliza: itakuwaje ikiwa alama ya mpaka itatokea kwa bahati ndani ya picha yenyewe? Mpokeaji atadhani picha imekwisha, naye atakosea. Ndiyo sababu alama huteuliwa kwa bahati nasibu na kufanywa ndefu. Alama yetu ina nafasi 16, na kila nafasi inaweza kujazwa na herufi ndogo 26, herufi kubwa 26 au tarakimu 10, jumla 62. Alama ziwezazo kuundwa ni 62 ikizidishwa yenyewe mara 16, hesabu ambayo jibu lake lina tarakimu 29. Uwezekano wa kugongana ni mdogo mno hata mtu akipeleka picha maisha yake yote. Lakini mtunga programu aliyechagua alama fupi kama «mwisho» au «sehemu» ameweka mtego ambao siku moja utamnasa.

Pana jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hulikosa. Badiliko la mstari lililo kabla ya vistari viwili ni mali ya alama ya mpaka, si mali ya sehemu iliyotangulia. Programu isiyojua hivyo huacha baiti mbili za ziada mwishoni mwa kila picha. Picha bado itafunguka, lakini haitakuwa tena nakala sawasawa ya ile iliyopelekwa, na hesabu yoyote ya kuhakiki usawa itashindwa.

Aidha, ujumbe haufiki kwa mkupuo mmoja. Seva huusoma kwa mafungu, tuseme baiti 8,192 kwa kila fungu. Alama ya mpaka yaweza kuanza mwishoni mwa fungu moja na kumalizikia mwanzoni mwa fungu lifuatalo. Programu itafutayo alama katika kila fungu peke yake haitaiona, na sehemu mbili zitaungana kuwa moja. Kwa hiyo ni lazima mkia wa kila fungu uhifadhiwe mpaka fungu lifuatalo lifike. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua, kwani huonekana mara moja katika majaribio mengi, na mara nyingi hujitokeza baada ya programu kuanza kutumika.

KUTOKA BARUA HADI FOMU

Barua pepe ya kale ilikubali biti 7 tu, kwa hiyo picha zilipaswa kugeuzwa. Njia iliyowekwa na MIME huchukua baiti 3, zenye biti 24, na kuzigawa katika mafungu manne ya biti 6. Kila fungu la biti 6 huandikwa kwa mojawapo ya alama 64 zisizo na hatari njiani. Hivyo baiti 3 huwa herufi 4, na mzigo huongezeka kwa theluthi moja. Picha ya baiti 600,000 huwa herufi 800,000.

Novemba 1995 Ernesto Nebel na Larry Masinter, wa kampuni ya Xerox, walipendekeza kuchukua utaratibu uleule wa sehemu nyingi na kuutumia kupeleka mafaili kupitia fomu za tovuti. Itifaki ya tovuti hubeba baiti za aina yoyote bila kuzidhuru, kwa hiyo picha inaweza kupita kama ilivyo. Kanuni hiyo imerekebishwa mara kadhaa, hasa mwaka 2015, na ndiyo itumikayo na programu za kukusanya takwimu kama ODK na KoBoToolbox.

Tofauti hii ina maana kubwa vijijini. Tuseme simu ya mdadisi inapitisha biti 100,000 kwa sekunde. Picha ya baiti 600,000 ina biti 4,800,000, nayo itachukua sekunde 48. Ikigeuzwa herufi kwa njia ya barua, itachukua sekunde 64. Kwa fomu moja ni kitu kidogo. Kwa fomu 200 za siku nzima, tofauti inakaribia dakika 54 za betri, fedha za bando na kusimama kilimani.

UJUMBE ULIOKATIKA

Sasa tuirudie fomu yetu ya Mchoro 1. Mdadisi amepima mkono wa mtoto na kupata sentimita 12.8. Kwa vipimo vinavyotumika kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mkono usiofika sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na ulio kati ya 11.5 na 12.5 ni dalili ya utapiamlo wa kadiri. Mtoto mwenye 12.8 hayumo katika makundi hayo.

Simu inaanza kupeleka. Picha inapita. Kipimo kinaanza kupita: moja, mbili, kisha mawimbi yanakatika. Seva imepokea picha nzima, kichwa cha sehemu ya pili, na tarakimu 12. Alama ya kufunga haikufika.

Programu iliyotungwa vizuri itasema: mshono haupo, ujumbe huu haujakamilika, siupokei. Programu iliyotungwa kwa haraka, kwa nia njema ya kutosumbua watumiaji, itachukua kilichopo na kuandika 12. Mtoto mzima ameandikwa mgonjwa. Na kama ujumbe ungekatika kabla ya kipimo, mtoto mwenye sentimita 11.2 angebaki katika orodha akiwa na picha bila kipimo, na jina lake lisingekuwamo miongoni mwa wanaoitwa kupewa chakula cha tiba. Hakuna taa nyekundu ambayo ingewaka. Jedwali lingechapishwa, na wakubwa wangelisoma.

Hili ndilo jambo kuu ambalo makala hii yataka kulisisitiza: nusu ya ujumbe ni mbaya kuliko ujumbe uliokosekana. Ujumbe uliokosekana huacha pengo, na pengo huulizwa. Nusu ya ujumbe hujifanya nzima.

Kwa bahati nzuri walinzi wako watatu, na mtunga programu anapaswa kuwasikiliza wote:

(a) Urefu uliotangazwa. Mara nyingi kichwa hutaja idadi ya baiti za kiwiliwili. Zikifika pungufu, ujumbe umekatika.

(b) Alama ya kufunga. Bila vistari viwili vya mwisho, hakuna ruhusa ya kuhifadhi chochote kama ujumbe kamili.

(c) Muundo wa ndani. Programu kama ODK hazipeleki kila jibu kama sehemu yake. Majibu yote huwekwa katika hati moja ya XML, ambayo kila kifungu chake kina alama ya kufungua na ya kufunga. Hati iliyokatika haisomeki, na hivyo hujitangaza yenyewe.

JIBU LILILOPOTEA

Kuna ajali ya pili iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Ujumbe umefika mzima, seva imeuhifadhi na kujibu kwamba imepokea, lakini jibu limepotea njiani. Simu haijui. Itafanya ipasavyo: itapeleka tena. Seva isipokuwa na kumbukumbu, mtoto mmoja atahesabiwa mara mbili, na kaya moja itakuwa mbili.

Dawa yake ni kuipa kila fomu nambari ya pekee tangu inapojazwa mkononi mwa mdadisi, kabla haijasafiri. Fomu ikifika mara ya pili ikiwa na nambari ileile, seva huitambua na kujibu tena kwa upole kwamba imekwisha kupokea, bila kuongeza hesabu. Nambari hiyo ina faida nyingine. Fomu ikiwa na picha nyingi kuliko kiwango ambacho seva imekubali kwa mara moja, simu huigawa katika jumbe kadhaa. Kila ujumbe hubeba hati ileile ya majibu pamoja na baadhi ya picha, na huwekewa alama inayosema kwamba bado kuna nyingine zinakuja. Seva huziunganisha kwa kufuata nambari. Hivyo mawimbi yakikatika katika picha ya tano, nne za kwanza hazirudiwi zote.

MGENI ASIYE MWEMA

Hata sasa tumemfikiria mpelekaji mwaminifu. Lakini mlango wa kupokea sehemu nyingi uko wazi kwa kila mtu, na historia inaonyesha kwamba wenye nia mbaya huanza kugonga hapohapo.

Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba maktaba ya programu iitwayo Apache Commons FileUpload, iliyotumiwa na seva nyingi duniani, iliweza kuingizwa katika mzunguko usiokwisha kwa kupelekewa tu alama ya mpaka ndefu kupita kiasi. Mwaka 2023 maktaba hiyohiyo ilirekebishwa tena kwa sababu haikuweka kikomo cha idadi ya sehemu: mtu angeweza kupeleka maelfu ya sehemu tupu na kuichosha seva. Msiba mkubwa zaidi ulikuwa wa mwaka 2017. Kampuni ya Equifax ya Marekani iliibiwa habari za watu wapatao milioni 147 kupitia kasoro ya Apache Struts, katika kifungu kilichochambua ujumbe wa sehemu nyingi. Marekebisho yalikwisha kutolewa Machi mwaka huo, lakini hayakuwekwa kwa wakati.

Ikiwa hilo liliwapata wenye fedha, wahifadhio majina ya wakimbizi wana sababu zaidi ya kujihadhari. Orodha ya watu waliokimbia nchi yao, pamoja na picha za nyuso zao na mahali walalapo, ni silaha ikiangukia mikono ya wale waliowakimbiza.

YAPASAYO KUFANYWA

Vijana wetu wengi vyuoni sasa hutunga programu za afya, kilimo na elimu. Kwao twapendekeza haya. Msitunge mchambuzi wenu wenyewe wa ujumbe wa sehemu nyingi ikiwa ipo maktaba iliyokwisha kujaribiwa; tumieni hiyo, na mweke marekebisho yake mara yanapotoka. Wekeni kikomo cha urefu, cha idadi ya sehemu na cha ukubwa wa kila faili. Msilitumie jina la faili lililoandikwa na mpelekaji kama anwani ya kulihifadhia. Lipeni jina lenu. Andikeni kwanza mahali pa muda, na mhamishie katika ghala la kudumu baada tu ya kuona alama ya kufunga.

Juu ya yote, jaribuni kazi yenu kwa kukata ujumbe makusudi: katikati ya picha, katikati ya tarakimu, katikati ya alama ya mpaka yenyewe. Maabara ya mjini yenye mtandao imara haitawafundisha hilo. Wasimamizi wa tafiti nao, wanapokabidhiwa programu mpya, waulize swali moja kabla ya kuipeleka Kibondo au Kasulu: mawimbi yakikatika katikati ya fomu, seva yenu itaandika nini? Jibu sahihi ni kwamba haitaandika kitu, na simu ya mdadisi itaendelea kuonyesha kwamba fomu hiyo bado haijafika.